Siku Tatu Ambazo Chujio Lilikuwa Mzee Vallabh

Ukimsikia Rehemah anasema "hiyo ni dakika tano tu," wewe nenda kabandike maharage. Yataiva, yatapoa, na utamkuta bado yuko chini ya meza na waya mdomoni. Si kwamba hajui kazi. Anajua sana. Shida yake ni moja: kuuliza. Mtoto wa Nakaloke huyo, kuliko amuulize mtu kitu, bora akitafute mwenyewe mpaka kitu chenyewe kimwonee huruma kijitokeze.

Alianzia kwenye kufunga sabuni. Kiwanda kiko Jinja, mwenyewe ni Mzee Vallabh, na kazi ilikuwa ni kupanga miche kwenye katoni, kupaka gundi, kusukuma, kuvuta nyingine. Mwaka mmoja na nusu ananuka usafi kuliko hospitali. Jioni anarudi kwenye chumba chake cha Mpumudde anasoma masomo ya mtandao kwenye laptop iliyopasuka kona, ile aina ambayo ukiifunga vibaya inakataa kufunguka mpaka uibembeleze.

Siku moja printa ya ofisini ikagoma. Watu wakaipiga makofi, wakaizima, wakaiwasha, mmoja akaisomea dua. Rehemah alikuwa ameleta karatasi ya katoni isainiwe. Akafungua kifuniko cha nyuma, akaingiza vidole viwili, akatoa mjusi mkavu. Kuanzia siku hiyo Ketan, mtoto wa Mzee anayeendesha ofisi, akaanza kumwita injinia. Kwanza ilikuwa utani. Baada ya miezi miwili akamtoa kwenye sabuni akampa mambo ya kompyuta, kwa majaribio.

Sasa tuje kwenye mkasa wenyewe.

Kampuni ina bohari kule Mbale, inauza kwa jumla kwa wenye maduka mpaka mpakani na Kenya. Mwezi wa tatu, kompyuta zote za Mbale zilipigwa. Mtu alifungua barua pepe inayosema kuna kifurushi kimekwama forodha, bofya hapa, akabofya pale, na kufikia saa sita mafaili yote ya oda yalikuwa yamefungwa kama duka siku ya Idi. Nani alifungua? Haijulikani. Sisi hatusemi. Ila kifurushi chenyewe kiliandikwa kwa jina la Bwana Vallabh, na Mzee tangu siku hiyo hataki kusikia neno forodha.

Wakanunua dawa. Dawa yenyewe ni sanduku la bati, jembamba, la kijivu, linavuma kama nyuki mwenye hasira. Kazi yake ni hii: mtu yeyote ofisini akitaka kufungua ukurasa wowote, ombi lake linapita kwanza kwenye sanduku. Sanduku linaangalia kama kule anakoenda kuna uchafu. Likiridhika linampitisha. Lisiporidhika linamwekea maandishi mekundu. Mama Urmila, mke wa Mzee, alipoelezwa alisema, kumbe ni chujio la chai. Jina likashika hapohapo, na lile jina refu lililoandikwa kwenye boksi hakuna aliyelisoma tena.

Ketan alitaka kumleta fundi kutoka Kampala aje alifunge. Rehemah akasema hiyo ni dakika tano tu. Alisema mbele ya watu, Jumamosi, ofisi imejaa. Ketan akamwangalia, akasema sawa injinia, una mpaka Ijumaa. Likifanya kazi, kazi ya mtandao ni yako, majaribio yameisha. Lisipofanya, mtu wa Kampala anakuja na wewe unarudi kwenye katoni. Rehemah akajibu vizuri, tena kwa madoido, kisha akatoka akakaa kwa muuza rolex, zile chapati za kukunjia mayai, akaagiza ya mayai mawili na akaiacha ipoe kwenye gazeti. Sabuni ilikuwa inamwita.

Jumatatu saa mbili yuko Mbale na chujio lake mgongoni ndani ya begi la shule.

Meneja wa bohari anaitwa Magidu. Mtu mkubwa, sauti kubwa, roho nzuri, na mpira wa Ulaya kwenye kompyuta kuanzia saa nane mchana. Karibu naye anakaa Brigid, Mkenya wa upande wa Busia, anayeandika karatasi za kupakia malori huku tamthilia ya Kituruki imejificha nyuma ya dirisha lingine. Unaweza kufikiria jinsi walivyolipokea chujio. Magidu aliliangalia kama unavyomwangalia mgeni aliyekuja na godoro.

Rehemah hakujali. Akalichomeka umeme, akachukua waya, akaunganisha laptop yake kwenye tundu la usimamizi, ambalo ndilo mlango wa fundi. Sanduku likitoka kiwandani linakuja na anwani yake ya muda, imeandikwa chini kwenye stika. Unaiandika, unaingiza neno la siri, na ukurasa unafunguka unaanza kukuhoji kama wazee wa upande wa mke. Jina lako nani? Unaishi mtaa gani? Mtaa wenu mipaka yake iko wapi? Geti la kutokea nje liko namba ngapi? Ukipotea njia unamuuliza nani? Ukijibu vibaya hata moja, harusi hakuna.

Jina akaandika CHUJIO-MBALE. Mipaka akaweka kama ya ofisi. Geti akalitafuta kwenye kompyuta ya Brigid, akakuta ni namba 254. Hapo akacheka peke yake. Duniani kote geti huwekwa namba moja, mwanzo wa mtaa, watu waingie watoke. Huyu aliyefunga hapa, mzee Inderjit, aliyeondoka zamani kwenda kukaa na mabinti zake Uingereza, kwa nini alilipeleka geti mwisho kabisa wa mtaa? Rehemah akasema moyoni, labda alikuwa anahesabu kutoka nyuma. Akaliacha lilivyo.

Ikabaki anwani ya chujio lenyewe. Namba gani? Alitaka iliyo rahisi kukumbuka, maana ingebidi aiandike kwa mkono kwenye kompyuta kumi na tatu. Akajaribu namba moja. Njia ya kujua kama namba ina mwenyewe ni kuigongea: unaituma kompyuta yako ikapige hodi kwenye ile anwani, usikie kama kuna anayeitika. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Mara nne, hakuna hata kikohozi. Nyumba iko tupu, akasema, na akalihamishia chujio humo.

Lile sanduku lina vitufe viwili. Cha kwanza kinapokea mabadiliko tu, cha pili ndicho kinachoyathibitisha. Cha kwanza ni posa, cha pili ni nikah, hapo katikati bado unaweza kutoroka. Rehemah hakutoroka. Akabofya cha pili, ukurasa ukafa palepale, maana chujio lilikuwa limeshahama na yeye bado amesimama kwenye nyumba ya zamani. Akalifuata kwenye namba moja, akalikuta, linavuma kwa amani. Halafu akapita kompyuta moja baada ya nyingine akiziambia: kuanzia leo, chochote mnachotaka nje, mwombeni namba moja.

Ilikwenda vizuri mpaka ikatia kichefuchefu. Saa nane Magidu akafungua mpira. Maandishi mekundu. Akafungua kwingine. Mekundu. Akaizunguka kompyuta akaangalia nyuma yake, kana kwamba mechi ingeanguka huko. Brigid naye tamthilia ilikatika wakati ambapo bwana alikuwa ndio anafungua bahasha. Jumanne mambo safi. Jumatano safi. Oda zinaingia, malori yanaondoka, hakuna kifurushi cha forodha wala ndugu yake. Rehemah akamtumia Ketan picha ya taa za kijani. Kule Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, alikokuwa analala kwa mama yake wiki hiyo, mama alishawaambia majirani kwamba binti yake ameufunga mtandao wote wa Mbale, na jirani mmoja akaja kulalamika kwamba kweli, kwake tangu Jumatatu uko polepole.

Alhamisi saa tatu na nusu gari la Mzee Vallabh likaingia.

Mzee anakaa Jinja, lakini kila Alhamisi yuko Mbale. Ana chumba chake, kiti chake, na kompyuta yake iliyofunikwa kitambaa alichodarizi Mama Urmila, na juu ya kioo kuna alama nyekundu ya Diwali iliyopita, maana kwao vitabu na mashine za biashara huombewa siku hiyo. Akaletewa chai. Akaingia ndani aangalie bei ya mafuta ya mawese, kisha kriketi.

Saa tatu na dakika arobaini bohari nzima ikakatika.

Tena haikukatika kiungwana. Ilikuwa inakatika na kurudi. Kompyuta ya Brigid inaenda, ya jirani yake imekufa. Dakika mbili baadaye ya Brigid imekufa, ya jirani inaenda. Malori matatu yako nje, karatasi hazitoki, madereva wanapiga honi kama wako kwenye harusi. Magidu akasema kwa sauti ya mtu aliyekosa mpira siku tatu, "Mimi nilisema. Hii sanduku iko na jini."

Rehemah akachomoa, akachomeka. Akabadilisha waya. Akazima, akawasha, chujio likachukua dakika saba kuamka na zile dakika saba zilikuwa na dakika ishirini ndani yake. Vilevile. Mtu akampigia Ketan, na Ketan hakugomba, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu kwa upole kwamba mtu wa Kampala atafika kesho asubuhi, na Rehemah asiguse kitu zaidi.

Basi akakaa chini. Akaona katoni. Akaona gundi. Akaona mama yake akiwaelezea majirani.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akauliza. Alimgeukia Magidu akamuuliza kabla tu ya mambo kuharibika kulitokea nini. Magidu akafikiri, akasema hakuna kitu, Mzee alikunywa chai akawasha mashine yake.

Rehemah akamwangalia. Akauliza mashine ya Mzee ni namba ngapi kwenye mtandao.

Magidu alicheka kwanza, maana swali lilikuwa la kitoto. Kisha akafungua kabati la mafaili, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango, ya njano, mwandiko wa Inderjit. Namba moja, Mzee Vallabh. Mbili, Mama Urmila, ambaye hajawahi kugusa kompyuta lakini namba yake ipo inamsubiri. Tatu, Ketan. Nne, Magidu. Na kuendelea, mpaka kumi na sita, ambayo ni printa. Inderjit aligawa anwani kwa ukubwa wa watu, kama viti vya mbele kwenye sherehe, na geti alilipeleka 254 kwa sababu namba moja tayari ilikuwa na mwenyewe. Na si mchezo, karatasi ilikuwa na majina yaliyokatwa kwa kalamu na kuandikwa upya mara nyingi. Magidu mwenyewe alikuwa tisa, na siku alipopewa umeneja akahamishiwa nne, na alipika pilau.

"Na hamkuniambia," Rehemah akasema.

"Hukuuliza."

"Nilipiga hodi mara nne. Hakuna aliyeitika."

"Ukipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa unaenda zako," Magidu akasema. "Wewe umeingia ndani ukatandika kitanda."

Hapo ndipo kila kitu kilipoeleweka. Siku tatu kompyuta ya Mzee ilikuwa imezimwa chini ya kitambaa chake, na chujio likakaa kwenye namba yake kwa raha. Leo mwenye namba amerudi. Sasa kompyuta kumi na tatu zinaita namba moja, na wanaitika wawili. Mara ombi linafika kwa chujio. Mara linafika kwa Mzee, ambaye mashine yake haijui wanaongea nini, na yeye mwenyewe anashangaa kwa nini kriketi inasimama.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza, kulihamisha chujio, halafu kurudi kwenye kila kompyuta kwa mkono na kuiambia namba mpya, huku malori yanapiga honi na Ketan amesema usiguse. Ya pili, kuihamisha mashine ya Mzee. Hiyo ni dakika moja. Magidu akamnong'oneza achukue ya kwanza hata ikifika jioni, maana mtu aliyejaribu kumtoa Mzee kwenye namba moja hajazaliwa, na akizaliwa hataajiriwa. Akaongeza kwamba kuna ya tatu pia: aseme ni umeme. Fundi aliyepita alisema ni panya, na akaaminika mwaka mzima.

Rehemah akavuta mtandio, akaenda akasimama mlangoni kwa Mzee. Safari hii alipopiga hodi alisubiri.

Mzee Vallabh ni mdogo wa mwili, miwani mikubwa, sauti ya chini. Alimsikiliza mpaka mwisho. Rehemah hakutaja umeme wala panya. Alimweleza kwamba mtandao umeharibika kwa sababu yake yeye, alilipatia chujio namba moja bila kuuliza ni ya nani, na namba hiyo ni ya Mzee. Watu walikuwa wamejaa mlangoni nyuma yake, kila mmoja na karatasi mkononi ili aonekane ana shughuli.

Mzee akavua miwani.

"Siku tatu," akasema, "hii chujio ilikuwa mimi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na watu nafanya nini?"

Rehemah akawaza. "Walitii. Oda zote zilitoka mapema. Hakuna aliyefungua mpira."

Magidu akawa anaisoma dari.

"Mimi nikiwa hapa," Mzee akauliza polepole, "mpira iko nafunguliwa?"

Brigid akakumbuka kwamba kuna dereva anamsubiri, lakini mlango ulikuwa umezibwa na Magidu, na Magidu si mtu wa kupita pembeni.

Mzee akacheka. Si kicheko kikubwa, mabega tu. Akasema basi namba moja huyu anajua kazi kuliko yeye, tena anakuja kila siku, yeye ni Alhamisi peke yake. Liachwe. Watu mlangoni walishusha pumzi kwa pamoja mpaka kitambaa cha Mama Urmila kikatikisika. Rehemah akasema asante, akamuuliza Mzee angependa namba gani.

"Nipe sifuri."

Ilibidi amweleze, jasho likimtoka, kwamba sifuri hapewi mtu. Ile sifuri ni jina la mtaa wenyewe. Nyumba zote zimo ndani yake, lakini hakuna nyumba yenye namba hiyo.

"Mtaa yote?"

"Wote, Mzee."

"Basi hiyo ndiyo mimi. Andika." Akapunga mkono kuelekea kwenye kompyuta. "Hii mashine weka popote unataka. Mimi siangalii mambo ya chini."

Karatasi ya Inderjit ikaletwa, ikabanduliwa na gundi yake. Rehemah akaandika juu kabisa, juu ya namba moja: sifuri, Mzee Vallabh. Namba moja, Chujio. Mashine ya Mzee akaipa mia moja, baada ya kuigongea, na kuuliza chumba kizima kama kuna mwenye mia moja, na kuuliza tena. Wakati huo Mzee alikuwa amempigia Ketan na wanaongea Kigujarati kirefu, ambamo Rehemah alishika neno Kampala mara mbili na jina lake mara moja. Alikuwa anaandika huku ametega sikio, hata tarakimu zikawa kama za daktari.

Mzee akakata simu.

"Mtu ya Kampala hakuna kuja," akasema. "Ile fundi ya panya nilikaa naye mwaka moja. Hii mtoto akiharibu, anasema ameharibu. Hiyo peke yake ni kazi." Kisha akamtazama yeye moja kwa moja. "Wewe namba ngapi?"

Rehemah akasema hana. Laptop yake siku zote huokota namba yoyote iliyobaki, leo hii kesho ile. Mzee akaisukuma karatasi kwake na kalamu juu yake, akarudi kwenye kriketi yake kama vile hakuna lililotokea.

Sasa hapo ndipo watu waliposogea kweli. Magidu alijipenyeza mbele kuilinda nne yake kwa macho. Brigid, ambaye ni kumi na moja, akaweka kidole karibu na jina lake bila kujifanya. Rehemah akaishika kalamu, akaipitia orodha kutoka juu mpaka chini, akafika mwisho kabisa, na chini ya printa akaandika: kumi na saba, Rehemah.

Magidu akasoma mara mbili.

"Umejiweka nyuma ya printa?"

"Printa niliikuta," Rehemah akasema. "Na haijawahi kuangusha ofisi."

"Printa ilikula mjusi, kule Jinja."

"Hiyo ni ya Jinja. Hii ya hapa haina kesi."

Magidu akakubali kwamba hiyo ni kweli, akasogea apite. Rehemah akainama kwenye kompyuta ya Mzee, akaomba radhi kwa kriketi, akabadilisha namba. Nje ya chumba, karatasi ya kwanza ya lori ikatoka ikiwa bado ya moto, Brigid akaikimbilia, na honi zikapungua kutoka tatu hadi mbili.